Dakika Arobaini za Ukaaji

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, viti ishirini na vinne vya tawi vilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa fundi aliyekuja kukaza miguu ya viti.

Meneja aliliandika hilo kwenye daftari lake kama lilivyo: mteja mmoja, fundi mmoja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, aliyesomea takwimu na kuzipenda kuliko watu, kwa sababu takwimu ukizikosea hazinuni. Katika miaka saba ya umeneja hakuwahi kutia sahihi chini ya namba ambayo hakuihesabu mwenyewe. Wafanyakazi wenzake kumi walilijua hilo na walimwogopa kwa kiasi kinachofaa.

Kampuni ilikuwa na maduka ya kahawa katika nchi themanini na moja, na katika nchi zote hizo haikuwa inauza kahawa. Kahawa, kama kitabu cha mwongozo kilivyoeleza ukurasa wa tatu, ilikuwa kisingizio. Mwaka jana Kampuni iliuza wepesi. Mkakati uliitwa Mteja Mwepesi, na ulibuniwa na timu ya wataalamu sita waliokuja kwa ndege, wakakaa siku mbili, wakagundua kwamba mtu akikaa sana anamnyima mwingine kiti. Basi sofa zikaondolewa, vikaja viti vya chuma vyenye mgongo mfupi. Soketi za umeme zikazibwa kwa vifuniko vyenye nembo. Nywila ya intaneti ikawa inakufa baada ya dakika ishirini. Muziki ukaongezwa kasi kidogo, kiasi cha mtu kumaliza kikombe chake bila kuelewa ni nani anayemkimbiza. Mkakati ulifanikiwa kupita matarajio: watu waliondoka. Kasoro iliyojitokeza ni moja tu, kwamba hawakurudi.

Mwaka huu Kampuni ilikuwa inauza kukaa. Timu ileile ya watu sita, sasa wakiwa wanane, iligundua kwamba binadamu anahitaji mahali pa kupumzikia, na mkakati mpya ukaitwa Sebule Yako. Mfanyakazi alitakiwa kusema “Karibu nyumbani” ndani ya sekunde nne tangu mlango ufunguliwe. Kahawa ilisagwa karibu na mlango kila baada ya dakika ishirini, awepo mnunuzi asiwepo, ili harufu itoke nje ikafanye kazi barabarani. Kikombe kidogo kiliitwa Kikubwa, cha kati kiliitwa Kipana, na kikubwa kiliitwa Bila Mwisho, ili asiwepo mteja wa kujiona mdogo. Ukutani kulining’inizwa picha ya mzee wa shamba anayecheka huku ameshika kahawa mbivu kiganjani. Viti vilibaki vya chuma. Bajeti ya viti ilikuwa imetumika kwenye vihisi, visahani vyeupe vilivyobandikwa darini, kimoja juu ya kila kiti, kazi yake kuhesabu dakika ambazo makalio ya mtu yamekaa pale. Mwongozo haukusema makalio. Ulisema “uwepo”.

Barua iliyokuja na vihisi ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimpongeza kila mtu. Ya pili ilieleza kwamba tawi litakalopata wastani wa chini ya dakika arobaini za ukaaji, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, litageuzwa kuwa Dirisha. Dirisha lilikuwa tundu ukutani. Lilihitaji wafanyakazi watatu na halikuhitaji meneja.

“Kwa hiyo wanane tunakwenda,” alisema Profesa. Huyu ndiye aliyesimamia mashine ya kahawa, na jina alilipata kwa sababu hakuwahi kumimina maziwa bila kuyatolea mhadhara. Mke wake alikuwa amejifungua mapacha mwezi uliopita.

“Wanane, nami nikiwa mmoja wao,” Meneja alisema.

“Na ukaaji wetu sasa ni ngapi?”

“Kumi na saba.”

“Kumi na saba si mbaya sana, bosi. Kwa viti hivi mimi ningekaa saba.”

Jioni ile, baada ya kufunga, Meneja alikaa na kalamu. Ili wastani wa wiki upande kutoka kumi na saba hadi arobaini, alihitaji watu wasiopungua kumi na wanne, wa kukaa masaa mawili au zaidi kila siku kwa siku nne, bila kazi nyingine ya kufanya na bila kuuliza kwa nini. Alijua mahali pamoja tu wanakopatikana watu wa namna hiyo. Akampigia simu dada wa baba yake, ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyeitisha vikao vya ukoo, akivifungua, kuviendesha na kukataa kuvifunga.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Leo umenikumbuka. Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Nataka watu wa kukaa.”

“Kukaa wapi?”

“Kazini kwangu. Wakae tu. Masaa mawili, matatu.”

“Wakae wakifanya nini?”

“Hakuna. Wakae.”

“Na hii ndiyo kazi tuliyokusomeshea?”

“Ndiyo hii.”

“Haya. Mchana unawapa nini?”

“Kahawa.”

“Mchana, nauliza.”

“Kahawa na keki.”

“Tutakuja tumekula,” alisema Shangazi.

Jumanne saa tatu kamili walifika kumi na wanne, wamevaa kama watu wanaokwenda kuposa. Meneja alikuwa amempa kila mmoja karatasi yenye maagizo matano. Wakae wawili wawili au watatu watatu. Wasisalimiane. Wasimjue meneja. Wasihame viti. Wasiongee kwa sauti ya kusikika meza ya pili. Vinywaji aliwapa kutoka kwenye vikombe vya utangulizi, vile thelathini vya kila siku ambavyo Kampuni ilitoa kwa mtu yeyote asiyewahi kuonja kinywaji kipya. Sharti hilo walilitimiza wote bila udanganyifu wowote.

Maagizo yalidumu dakika sita. Baba Mdogo alichelewa kuingia kwa sababu alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na alipoingia watu kumi na watatu wasiojuana walisimama kwa pamoja kumpisha. Akaanza meza ya kwanza, akashika mikono, akauliza hali, akaulizwa hali, akaenda meza ya pili. Alipofika kwa Shangazi, akakumbuka karatasi.

“Samahani, mama,” alisema. “Sijui kama tunajuana.”

“Hatujuani,” alisema Shangazi. “Goti linaendeleaje?”

Wakala wa bima alikuwa kwenye meza ya dirishani. Alikuwa kijana mwenye koti moja la suti na kompyuta mpakato ya betri mbovu, aliyekuja kila siku kwa dakika ishirini kamili za intaneti na kuondoka nywila ilipokufa. Baba Mdogo alimsalimia naye, kwa kuwa alikuwa njiani. Na kwa kuwa alishasalimiwa, Shangazi aliona haya kumwacha peke yake.

“Mwanangu, hiyo kompyuta haikimbii. Umekula?”

“Nimekula, mama.”

“Umekula nini?”

Wakala alifikiri, na kule kufikiri kukamponza. Shangazi alivuta kiti. Alitoa chombo cha plastiki chenye chakula kwenye mkoba, kinyume cha kanuni ya tisa ya Kampuni, na kumsukumia. Halafu akatazama kikombe cha Bila Mwisho kilichokuwa mbele yake.

“Hiki nacho ni kikombe au ndoo?”

“Ni Bila Mwisho, mama.”

“Naona.” Akainua macho ukutani. “Na yule babu anayecheka ni nani?”

Wakala aligeuka, akacheka kwa mara ya kwanza mle ndani. Akafungua mkoba wake, akatoa kipeperushi cha kampuni yake ya bima. Mzee alikuwa yuleyule, kicheko kilekile, ila mkononi badala ya kahawa alishika hati ya bima ya mazishi.

“Mtu ana shamba na kaburi limeshalipiwa,” alisema Shangazi. “Kwa nini asicheke?”

Jumanne ilifungwa kwa dakika thelathini na nane. Meneja aliangalia namba ile, akaona inakwenda inakotakiwa, akaamua kutosema kitu juu ya maagizo.

Jumatano kilitokea ambacho hakuna mwongozo wowote uliokuwa umekitabiri. Ukoo, ukishakaa pamoja siku mbili, hauwezi kukaa bure. Baba Mdogo na binamu yake walikuwa na viwanja vya urithi vilivyopakana, na mpaka wake waliugombania miaka sita kwa sababu kigingi cha kati kilipotea. Kesi ikafunguliwa palepale, kati ya kaunta na choo. Binamu alichora mpaka kwenye karatasi ya kufutia midomo. Baba Mdogo akachora wake. Michoro yote miwili ilikuwa na mto, ingawa viwanja havikuwa na mto.

“Samahani,” alisema mtu wa meza ya pembeni. “Mnachora bila kipimo.”

Alikuwa mzee mkavu, mpima ardhi aliyestaafu miaka minne iliyopita. Alikuja kila Jumatano kunywa Kikubwa kimoja na kusoma gazeti la watu wengine. Katika miaka hiyo minne hakuna aliyemwomba apime hata meza.

“Wewe unajua?” aliuliza Baba Mdogo.

“Nimepima nusu ya mji huu. Hata hapa tulipokaa. Huu ukuta umeingia barabarani futi moja na nusu.”

“Leta kiti, mzee wangu,” alisema Shangazi.

Alhamisi Mpima alirudi na rula ndefu, penseli tatu na ramani ya zamani iliyokunjwa hadi ikawa na matundu kwenye mikunjo. Wakala alirudi kwa sababu alitakiwa awe shahidi asiye na upande. Mwanafunzi wa uuguzi, aliyeingia kukwepa mvua, alibaki kumpima Baba Mdogo goti. Watu wa kupita walisimama dirishani, wakaona watu wanabishana, wakaingia kujua ni nini, na wakiingia walisalimiwa na meza zote, na mtu akishasalimiwa hivyo humwia vigumu kuondoka. Profesa aliacha kusema “Karibu nyumbani” kwa kuwa hakuwahi tena kuifikia sekunde ya nne, walishamtangulia. Ijumaa kulikuwa na watu tisa ambao Meneja hakuwaita, hakuwapa kikombe cha bure na hakuwa na udugu nao wowote. Walinunua wenyewe. Walikaa kwenye viti vya chuma masaa mawili, mmoja matatu. Aliwahesabu mara mbili.

Siku hiyo ilifungwa kwa dakika hamsini na nane. Wastani wa wiki: arobaini na moja nukta nane.

“Bosi,” alisema Profesa, “unajua tumefanya nini? Tumefanya walichokiandika.”

“Kwa bahati mbaya,” alisema Meneja. Lakini jioni ile alifungua vifuniko vya soketi mbili kwa bisibisi yake mwenyewe, ili Wakala apate umeme.

Ilibaki Jumamosi. Siku hiyo Mkuu wa Uzoefu wa Mteja angekuja kuthibitisha. Utaratibu ulikuwa mwepesi: angemuuliza kila aliyekaa kama ana uhusiano na mfanyakazi wa tawi. Kanuni ya kumi na nne ilikataza ndugu wa mfanyakazi kukalia kiti cha mteja. Atakayegundulika, dakika zake zote za wiki zingefutwa, naye angeondolewa mbele ya mthibitishaji. Meneja aliwafundisha wale kumi na wanne jibu la neno moja: Sina. Wale tisa hakuwafundisha. Mtu asiye na uhusiano hafundishwi kusema hana.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na kwa mtu aliyesomea takwimu lilikuwa kosa la kitoto: hakujua kwamba tisa wale walishaambiwa. Ijumaa, yeye akiwa stoo, Shangazi alimweleza Wakala kwa sauti ya siri, ile inayosikika hadi barabarani, kwamba kesho anakuja mkubwa na kuna binti wa watu atapoteza kazi. Wakala alilichukua jambo hilo nyumbani na kulifikiria usiku kucha. Alijua ofisi. Katika kila ofisi aliyowahi kuingia, mtu aliyeonewa ni yule aliyekwenda peke yake, na aliyesikilizwa ni yule aliyefuatana na watu. Hospitali, shuleni, polisi, hata ukweni: wanakuhesabia watu wako kwanza, hoja zako baadaye. Asubuhi aliwakusanya wenzake wanane kwenye kona ya duka la dawa jirani, na wote wakaona anasema la maana.

Jumamosi saa tisa alasiri Mkuu wa Uzoefu aliingia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, viatu vyeupe na kishikwambi. Alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi, kama mwongozo unavyoelekeza.

“Inasikika,” alimwambia Meneja. “Hii jamii. Inasikika kabisa.”

“Ni kinu cha kahawa,” alisema Meneja.

Mkuu alianzia kwa Shangazi.

“Mama, una uhusiano wowote na mfanyakazi wa tawi hili?”

“Sina.”

“Hata na meneja?”

“Yule? Simjui.” Shangazi alimtazama Meneja toka juu hadi chini. “Lakini amekonda. Huko kwenu hamuoni?”

Mkuu aliandika: mteja anaonyesha huruma kwa mfanyakazi, alama zote.

Baba Mdogo hakungoja kuulizwa. “Mimi sijui mtu yeyote humu. Hata huyu mke wangu hapa simjui.”

“Ni kweli,” alisema mke wake. “Hajawahi kunijua.”

Mkuu alicheka, akaandika tena. Kumi na wanne wakapita, mmoja baada ya mwingine, sina, sina, sina. Kisha Mkuu akageukia upande wa dirisha. Wakala akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Kaka, mimi sitakuzungusha. Meneja huyu ni dada yangu.”

Meneja alidhani hakusikia vizuri.

“Dada yako?”

“Dada yangu. Na upande huu wote ni ndugu zake. Tuko tisa.”

“Ndugu tisa?”

“Tuliopata nafasi. Wengine wako makazini.”

Mpima ardhi aliweka rula mezani. “Mimi ni mjomba wake,” alisema bila kupepesa. “Nimemlea.”

“Mimi mdogo wake,” alisema mwanafunzi wa uuguzi. “Tumbo moja.”

“Kwa hiyo ukiandika hiyo taarifa yako,” alisema Wakala, “andika na hilo. Kwamba ana watu.”

Akaketi, ameridhika. Mkuu wa Uzoefu alimtazama Meneja kwa masikitiko ya mtu aliyefundishwa kusikitika, akamwonyesha mlango wa stoo.

Stoo ilikuwa na magunia, ndoo ya kudekia, na katoni arobaini za vikombe vya Bila Mwisho ambavyo havikuwahi kwisha.

“Ninaelewa,” alianza Mkuu. “Shinikizo ni kubwa. Mtu unaita watu wa nyumbani.”

“Wale si ndugu zangu.”

“Wamekiri wenyewe.”

“Wamesema uongo. Kwa wema, lakini uongo. Wale ni wateja. Ndio wateja pekee humo ndani.”

Mkuu aliacha kuandika. “Pekee?”

Meneja alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa tayari ulimini, mfupi na wenye mpangilio, kama alivyopenda: kumi na wanne ni wangu, tisa si wangu, umegeuza safu.

“Subiri,” alisema Mkuu, na sauti yake haikuwa tena ya slaidi. “Kabla hujasema. Nikifuta dakika za wale tisa, nimeshapiga hesabu, mnabaki na arobaini nukta sita. Mmepita. Tawi linabaki. Ukiniambia kwamba hata wale kumi na wanne wana kasoro, nitawafuta nao, sitabaki na mtu wa kumhesabu, na itabidi niandike Dirisha leo hii. Mimi ninaandika ninachoambiwa. Sasa unaniambia nini?”

Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo Meneja alimwona Profesa akisugua pua ya mashine kwa kitambaa. Aliisugua mahali pamoja muda mrefu, kama mtu anayesikiliza.

“Sina la kuongeza,” alisema Meneja.

“Vizuri. Sahihi hapa.”

Akatia sahihi chini ya arobaini nukta sita, namba ambayo hakuihesabu mwenyewe. Alikuwa anajua kwa uhakika kamili kwamba si kweli.

“Na sasa kanuni ya kumi na nne,” alisema Mkuu. “Waondolewe mbele yangu. Wewe mwenyewe, ni ndugu zako.”

Meneja alitoka stoo akaenda hadi meza ya dirishani. Mpima alikuwa ameinamia ramani; Baba Mdogo na binamu yake walikuwa wameinama kila mmoja upande wake, vichwa vitatu karibu kugusana, na penseli ilikuwa inakaribia pale kigingi kilipopotea.

“Naomba radhi,” alisema Meneja. “Nyinyi tisa itabidi mtoke.”

Wakala alitabasamu akidhani ni sehemu ya mchezo. “Tutoke twende wapi, dada?”

“Nje. Ndugu wa mfanyakazi hawaruhusiwi kukaa.”

“Lakini sisi si ndugu zako.”

“Najua.”

“Tulisema vile ili—”

“Najua mlisema ili nini. Nashukuru. Tokeni.”

Hakuna aliyepaza sauti. Wakala alichomoa waya wake kwenye soketi, akauzungusha taratibu kwenye kiganja. Mwanafunzi wa uuguzi alikusanya daftari zake. Mpima ndiye aliyechelewa, kwa sababu ramani ilikuwa haikunjiki ovyo. Ilikuwa na mikunjo yake ya miaka mingi na kila mkunjo ulitaka zamu yake. Alipomaliza aliinua penseli yake moja kutoka mbele ya Baba Mdogo.

“Tulikuwa tumefika,” alimwambia. “Ilibaki kama dole gumba hivi.”

Baba Mdogo aligeuka kumtazama Shangazi. Chumba kizima kiligeuka kumtazama Shangazi. Alikuwa ameshasimama na mkoba begani.

“Shangazi,” alisema Meneja chinichini, “nyinyi kaeni. Nyinyi mnaruhusiwa.”

“Sikujui,” alisema Shangazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama alivyofundishwa. “Na mimi sikai mahali mgeni anapoinuliwa.”

Akatoka nyuma ya Mpima, na kumi na watatu wengine wakatoka nyuma yake, Baba Mdogo akiwa wa mwisho kwa sababu ya goti. Mkuu wa Uzoefu aliutazama mlango hadi ulipotulia. Kisha akaandika, akisoma kwa sauti ili asikosee: “Wateja wamejitolea kuwasindikiza ndugu wa mfanyakazi hadi nje. Mfungamano wa hali ya juu.”

Jumapili Meneja alimpigia Shangazi simu mara tatu, haikupokelewa. Mara ya nne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ilipokelewa na Wakala wa bima.

“Shangazi hawezi kushika simu,” alisema. “Ameshika ncha ya utepe.”

“Utepe gani?”

“Wa kupimia. Tuko kiwanjani. Mjomba wako amesema mtu asisogee hadi aseme yeye.”

“Yule si mjomba wangu.”

“Haya,” alisema Wakala, kwa upole. “Nimwambie ulipiga?”

“Mwambie.”

Jumatatu saa tatu na dakika nne barua ya makao makuu ilifika. Aya ya kwanza ilimpongeza kila mtu. Ya pili ilithibitisha kwamba tawi limefaulu, kwamba nafasi zote kumi na moja zinabaki, na kwamba Meneja atawafundisha mameneja wa matawi mengine sitini na mawili namna ya kujenga jamii, mada ya dakika ishirini, slaidi zitaletwa. Meneja aliwaita wafanyakazi mbele ya kaunta, akawasomea majina yote kumi na moja, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa herufi. Profesa aliposikia lake, aliweka mkono juu ya mashine akauacha pale.

“Na wateja?” aliuliza. “Wanasemaje juu ya wateja?”

Meneja alirudia barua toka juu hadi chini.

“Hawajatajwa,” alisema.

Akaigonga muhuri, akaandika tarehe na saa ya kuipokea, saa tatu na dakika nne, akaipachika kwenye faili.